San Pedro Manrique usiku wa makaa: mara ya kwanza kwa basi la watalii, mara ya pili nimelala kwa mama

Ukitaka kwenda San Pedro Manrique kuona wale watu wanaopita juu ya makaa ya moto peku, lala pale pale kijijini. Nalisema mapema kabla sijaingia kwenye bei na chakula, kwa sababu mimi nimeshaenda mara mbili, mara ya kwanza na kampuni moja ya kutembeza watalii (jina nabaki nalo), mara ya pili nimepanga chumba kwenye nyumba ya mama mmoja wa hapo hapo, na ukiniuliza nitakwambia ni kama nimeenda sehemu mbili tofauti kabisa, ingawa moto ni ule ule na tarehe ni ile ile, usiku wa 23 kuamkia 24 mwezi wa sita, sikukuu ya Mtakatifu Yohane.

Kwa asiyejua, hiki ni kijiji cha milimani kaskazini mwa Hispania, mkoa wa Soria, eneo linaitwa Tierras Altas yaani nchi za juu, na ni juu kweli, ukitoka Soria mjini unapanda mpaka Oncala ambapo barabara inapita kwenye mita 1,454 halafu unashuka upande wa pili kona kwa kona. Ni kilomita 45 hivi lakini wewe usihesabu kilomita, hesabu kona. Kijiji chenyewe kina watu kama 600. Mkoa mzima wa Soria una watu kama 90,000 tu kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,000, kwa hiyo unaweza kuendesha gari muda mrefu unaona mawe, misonobari, tai angani, basi, binadamu hakuna. Nakaa Hispania kikazi mwaka wa nne sasa na sikuwahi kuona ukimya wa namna ile.

Hiyo mara ya kwanza nililipa euro 45, basi la kwenda na kurudi pamoja na mtu wa kutuelezea. Tulifika saa tano usiku. Saa tano! Moto unawashwa kama saa tatu hivi, jua la kiangazi likiwa linakaribia kuzama, rundo la kuni za mwaloni kama kilo 2,000, na kuungua kwake ndiyo nusu ya shughuli, watu wanakaa wanaongea wanakula wanasubiri, sisi tukakuta makaa yameshakuwa makaa na viti vya mawe vimejaa, pale panaingia watu kama 3,000, tukasimama nyuma kabisa nikawa naona vichwa na simu za watu. Mwongozaji wetu na kipaza sauti chake akasema hii ni mila ya kipagani ya kale na kwamba wanaopita wanapaka dawa miguuni. Hakuna dawa! Nimeuliza watu wasiopungua kumi mwaka uliofuata na baadhi yao walikasirika kabisa kusikia hivyo. Halafu mpita moto wa mwisho hajamaliza kushangiliwa tukaambiwa twende kwenye basi, saa saba kasoro tumeshaondoka, na hakuna aliyetuambia kwamba asubuhi yake kuna jambo jingine kubwa pengine kuliko moto wenyewe. Kwa hiyo hiyo huduma naipa mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za dereva, zile kona alizimudu vizuri.

Mwaka uliofuata nikapiga simu mwezi wa kwanza, maana vyumba ni vichache na familia zilizohamia Zaragoza na Barcelona zinarudi zote wiki ile. Nikapata chumba cha juu kwa mama mmoja mjane, euro 55 kwa usiku, usiku tatu, kifungua kinywa ndani. Nyumba ni ya mawe, kuta nene kama mkono kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole na zaidi, madirisha madogo. Usiku wa Juni nililala na blanketi mbili, msije na nguo za ufukweni. Wifi inashika jikoni tu, maji ya moto yanachukua dakika kadhaa kufika juu, bafu mnachangia na chumba cha pili. Usafi sina neno. Na asubuhi unawekewa mkate, na siagi ya Soria ile tamu, wana siagi ya kawaida, ya chumvi na hii iliyotiwa sukari, wewe omba hii, na kahawa na maziwa kwenye bakuli, na mama anakaa naye mezani, haondoki. Hapo ndipo thamani ya ile euro 55 ilipo. Baba yake mzazi alikuwa mchungaji wa kondoo na yeye anaongea kama mtu aliyekuwa anasubiri aulizwe.

Historia ya kijiji hiki usipoanza na kondoo hutaielewa. Kondoo wa merino, wale wa sufi laini, ndio walioijenga milima hii. Mwaka 1273 mfalme Alfonso wa 10 aliwapa wafugaji wa Castilla, ufalme wa enzi hizo ambao milima hii ilikuwa ndani yake, chombo chao, kinaitwa Mesta, chenye haki ya kupitisha mifugo nchi nzima kwenye njia maalumu ambazo mkulima haruhusiwi kuzilima, na kikaishi mpaka mwaka 1836. Zile njia zinaitwa cañadas na nyingine bado unaziona, mkanda mpana wa majani unakatiza mashamba. Vuli ikifika wanaume wanashuka na makundi mpaka kusini huko Extremadura na Andalucía, mwendo wa wiki nzima nzima kwa miguu, kule baridi haiui kondoo, na wanarudi majani ya juu yakichipua, mwezi wa tano kuelekea wa sita. Mama alivyonieleza ni hivi: "Mwanangu, kuanzia vuli mpaka karibu na Mtakatifu Yohane kijiji kilikuwa cha wanawake, watoto na wazee. Kila kitu walikifanya wanawake." Nikanyamaza nikafikiria. Yaani sikukuu inaangukia pale pale wanaume wameshafika nyumbani, na mwanaume anambeba mgongoni mke wake, mchumba wake, dada yake, anapita naye kwenye moto mbele ya kijiji kizima. Sisemi hiyo ndiyo asili yake, asili yake wasomi wamebishana miaka na miaka, ila tangu anieleze hivyo siwezi tena kuuangalia ule moto kwa macho ya zamani.

Haya, usiku wenyewe. Mama alinitoa nyumbani saa mbili na nusu, kabeba mto wa kukalia na kapu la mkate na soseji, tukapanda juu kwenye kikanisa cha Virgen de la Peña, uwanja wa moto uko mbele yake, ngazi za mawe kama uwanja mdogo wa michezo. Tukakaa safu ya tatu. Moto ukawashwa. Mwanzoni huwezi kukaa karibu, uso unachomeka, halafu polepole miali inashuka na kuni zinaanguka zenyewe kwa zenyewe na ile sauti ya kupasuka inapungua, ikifika saa nne na ushee unaona wazee na vijana wanaingia na fito ndefu wanaanza kuyavunja makaa na kuyasambaza, hawana haraka, wanayapiga piga mpaka yanakuwa kama zulia jekundu lililonyooka. Wanaangalia sana kusiwe na jiwe wala msumari, maana makaa yenyewe hayapitishi joto haraka kuingia kwenye ngozi lakini jiwe lililolala humo au chuma ndiyo linakuunguza vibaya. Na ndiyo maana wanakanyaga kwa nguvu, unyayo wote chini, siyo kwa ncha za vidole wala kukimbia. Ule uzito wa mtu mgongoni nao wanasema unasaidia, unagandamiza mguu hewa isipate nafasi ya kuchochea. Wenyeji wengine watakwambia kwamba ni wazaliwa wa San Pedro tu wanaopita bila kuungua, na hilo wanalisema kwa uso mkavu, wewe sikiliza tu.

Usiku wa manane ukakaribia, msafara ukapanda kutoka uwanja wa kijiji na muziki, mbele wasichana watatu, Móndidas, nitawarudia hao. Halafu tarumbeta. Kila anayepita anatanguliwa na tarumbeta, na watu 3,000 wananyamaza kama wamezimwa. Mwanaume anasimama ukingoni peku, suruali imekunjwa, mtu yuko mgongoni, anaangalia mbele, anapiga mguu chini mara moja mbili, anaingia. Hatua chache, sekunde tano hivi, ameshatoka upande wa pili na ndugu wamemvamia kumkumbatia.

Mpwa wake mama alikuwa wa sita au wa saba, amembeba mke wake. Mama alikuwa anaongea tangu saa tatu, hakai kimya, ile tarumbeta ilipolia akaushika mkono wangu hapa juu ya kiwiko na hakuuachia, nikasikia kucha, na niliposhusha macho niliona mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu ya jiwe, hatua moja, ya pili, ya tatu, sambamba na za kijana. Alipotoka akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Baadaye, tulipomkuta kijana kwenye njia ya kushuka, kitu cha kwanza hata salamu hakuna, kamwambia inua mguu, akamulika unyayo kwa tochi ya simu, akaupitisha kidole gumba taratibu kuondoa majivu, kisha wa pili, kisha ndiyo akambusu.

Kuna utafiti uliofanyika hapo hapo San Pedro mwaka 2008 na ukatoka mwaka 2011 kwenye jarida la PNAS la Marekani, watafiti waliwafunga mikanda ya kupima mapigo ya moyo wanaopita motoni na baadhi ya watazamaji. Makaa walipima nyuzi 677 za Selsiasi. Walichokuta ni kwamba moyo wa mtazamaji mwenye undugu au urafiki na anayepita ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na wa yule aliye kwenye moto, ila wa mgeni asiyemjua mtu, hapana. Niliposoma hiyo nilikumbuka mkono wangu. Na nikamkumbuka yule mimi wa mwaka wa kwanza, nimesimama nyuma na kundi la basi, nasubiri picha. Ndiyo maana nasema lala kijijini, kaa na watu, uwe angalau na jina moja unalolijua kati ya wanaopita.

Asubuhi sasa. Watu wamelala masaa matatu na bado saa moja ngoma inapita mtaani. Kuna farasi, viongozi wa kijiji wanazunguka kwenye mabaki ya ukuta wa zamani, halafu farasi wanakimbizwa, mimi ya farasi sikuyafuatilia sana. Nilikwenda kuwaangalia Móndidas. Ni wasichana watatu wasioolewa wanaochaguliwa kwa kura, wanavaa nguo nyeupe, na kichwani wanabeba kikapu kinachoitwa cestaño, kizito, kimepambwa maua, na juu yake zimesimama fito ndefu zinaitwa arbujuelos, ni matawi membamba yaliyozungushiwa donge la mkate lenye rangi ya zafarani. Mmoja alipita karibu yangu kiasi nikasikia harufu ya mkate. Shingo imenyooka, macho mbele, mkono mmoja unashika kikapu na ule mwingine umeshuka, na jasho linashuka kwenye sikio hajalifuta. Baadaye uwanjani kila mmoja anasema mashairi mbele ya watu wote, beti za mistari minne minne, zina mambo ya kijiji, shukrani, marehemu wa mwaka ule, na hapo bibi kizee mmoja mbele yangu alikuwa anatikisa midomo kama anayefuatisha. Mama akaninong'oneza kwamba yule naye alikuwa Móndida enzi zake.

Ukiuliza asili utapewa hadithi ya mabikira mia moja: kwamba zamani wafalme wa Kikristo wa kaskazini walilazimika kutoa mabikira 100 kila mwaka kama kodi kwa watawala Waislamu, mpaka mfalme Ramiro wa 1 alipokataa na kushinda vita vya Clavijo mwaka 844, na wasichana hawa wanaadhimisha ukombozi huo. Ni hadithi nzuri kusikiliza ila wanahistoria wa leo wanasema vita hivyo havikutokea, ni simulizi iliyotungwa karne kadhaa baadaye. Wengine, akiwemo mtafiti mkubwa wa mila za Hispania Julio Caro Baroja, wameyaangalia mambo haya kwa kuyalinganisha na sherehe za kale za mavuno na za kiangazi. Na wapo wanaomrudisha mtu mpaka kwa Strabo, yule mwandishi Mgiriki wa kale aliyesema Waselti-Iberia, watu walioishi pande hizi enzi hizo, walikuwa wanacheza milangoni mwao usiku wa mwezi mpevu kwa heshima ya mungu asiye na jina. Mimi hadithi zote hizi nazipenda, na nilifurahi kwamba hakuna hata mmoja kijijini aliyenilazimisha nichague.

Siku ya tatu, tafadhali msiifute kwenye ratiba, nendeni Sarnago. Ni kilomita chache tu juu ya San Pedro, kijiji kilichobaki hakina mkazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilichowaondoa ni mengi kwa pamoja, viwanda vya mijini vilivyokuwa vinaita, shule, barabara mbovu, na serikali iliyonunua ardhi ili ipande misonobari, na ukiangalia milima leo unaiona ile misonobari imepangwa safu safu kama mtu aliyechana nywele. Lakini mwaka 1980 waliokihama na watoto wao wakaunda chama, marafiki wa Sarnago, na tangu hapo wanarudi majira ya kiangazi wanafanya msaragambo, neno lao ni hacendera, wanajenga kuta, wamesafisha sehemu ya kufulia, wamepanga jumba la kumbukumbu la maisha ya zamani. Kanisa bado ni gofu, paa hakuna, majani yameota ndani.

Jumba hilo la kumbukumbu naliweka juu kuliko majumba makubwa niliyolipia tiketi Madrid. Halina vioo wala kamba za kukuzuia. Uliza mapema San Pedro nani atakufungulia, sisi tulifunguliwa na mzee aliyezaliwa nyumba ya jirani. Kuna kengele za kondoo za kila ukubwa, kuna majembe, na kuna kitu kinaitwa trillo, ni ubao mpana kama mlango, upande wa chini umechomekwa vipande vya jiwe gumu kali mamia kwa mamia, safu kwa safu, ulikuwa unakokotwa na nyumbu juu ya ngano iliyotandazwa ili ipurwe, na watoto wanakaa juu kuongeza uzito. Mzee akanigeuzia ubao, akaniambia pitisha kidole. Mawe bado yanakata. Akasema alikaa juu ya huu huu, akanionyesha sehemu mbao iliyolainika. Huko Sarnago nao wana Móndidas wao, mwezi wa nane, katika kijiji kilichowahi kubaki bila mkazi hata mmoja. Wanatoka mijini, wanavaa, wanabeba vikapu, wanapita kwenye njia ambazo mababu zao walipita. Nilisimama pale nikalengwa na machozi na sikuona haya.

Chakula, haraka haraka. Migas za wachungaji lazima, ni mkate wa jana unaokatwa vipande vidogo, unaloweshwa usiku, unakaangwa na kitunguu saumu na mafuta mpaka unakuwa kama punje punje, mara nyingine unawekewa zabibu juu. Torreznos za Soria, vipande vya nyama ya mafuta vilivyokaangwa mpaka vikawa vikavu, ni maarufu nchi nzima lakini ni nguruwe, na migas nazo mara nyingi zina mafuta au soseji ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema "sin cerdo" na aombe caldereta, mchuzi mzito wa kondoo. Mgahawa nilioenda siku ya kwanza ulinisubirisha saa nzima na nusu na oda ikaja imepoa, nadhani kwa sababu ya umati wa sikukuu, nyota tatu. Chakula cha mama, tano.

Mwenye gari asimame Oncala wakati wa kurudi. Kijiji kidogo mno, na kanisani kwake kuna mazulia ya ukutani ya Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, yaliyofumwa kwa michoro ya mchoraji maarufu Rubens, zawadi ya askofu mkuu wa Valencia aliyezaliwa pale, na kuna jumba dogo la wachungaji. Mwenye watoto ashuke mpaka Villar del Río kwenye nyayo za dinosaria, mimi sikuwa na watoto, nilipita tu.

Namba ya mama siiweki hapa mtandaoni, hajaniruhusu. Pigeni ofisi ya manispaa ya San Pedro Manrique mwezi wa kwanza, wa pili mwisho, wanaelekeza vizuri wageni wanaotafuta chumba, na semeni wazi kwamba mnataka usiku tatu, siyo mmoja. Kile cha juu chenye dirisha linaloangalia kikanisa, mwakani nimeshakichukua mimi.